Programu ya Tatu

Bisha ukitaka, lakini gari lile lilikuwa linatema mate.

Lilikuwa la dada wa jamaa tuliyemwita Mkono Mwepesi, fundi wa kompyuta za magari, kijana aliyeikimbia shule mapema na bado anatamba kwamba injini zikimwona zinampa shikamoo. Dadaye alikuwa na mimba ya kwanza. Kwa mapenzi, au kwa sifa, fundi alimfungia swichi ya programu tatu za injini: ya kawaida, ya kubana mafuta, na ya mbio. "Ukibonyeza ya tatu, dada, upepo wenyewe utakuomba lifti," alimtania.

Dada akaibonyeza palepale gereji, mchana kweupe.

Kwanza ilikuja harufu, ya nyama iliyosahaulika kwenye mfuko wa plastiki. Kisha matundu ya kiyoyozi yakatoa ute wa vuguvugu, mzito kama kamasi, wenye vinywele ndani yake. Fundi akarudisha programu ya kawaida. Swichi ikaruka yenyewe hadi ya tatu, na injini ikaacha kunguruma ikawa inakoroma, kama mtu anayevuta pumzi kwenye koo lililojaa maji, na kila ikikoroma ute unachuruzika hadi kwenye sketi ya dadaye, naye, badala ya kushuka, anauchota kwa kidole, anaulamba, anafumba macho kama mtoto aliyepewa aiskrimu, huku tumbo lake likicheza kwa mpigo uleule wa injini.

Fundi alitapika juu ya tairi.

Akaletwa mganga, mama mnene asiye na utani. Akauliza programu hiyo imetoka wapi. Fundi akajibu ameinunua mtandaoni. Mganga akasoma dua zake mpaka sauti ikamkauka. Milango ikajifunga kwa ndani, na spika zikacheka.

"Jini hili limepanda juu ya damu ya mtu," mganga alinong'ona. "Mwanangu, sema kweli, la sivyo linaondoka na wawili."

Nyuma ya kioo, midomo ya dada iling'aa ute. Alikuwa ameanza kuulamba usukani.

Majigambo yote yakamwishia fundi. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba programu ile aliikopi kutoka kwenye gari lililopata ajali. Alifika wa kwanza, kabla ya watu kujaa.

"Na dereva?"

Fundi alijifuta mdomo.

"Alikuwa hai, mama. Alinishika mguu. Nikamwambia asubiri kidogo, nimalize kukopi."