Mota Iliyonyooshwa

Chai ilikataa kukorogeka. Mwalimu Eliaichi alizungusha kijiko ndani ya kikombe cha mumewe kama afanyavyo kila asubuhi, na kijiko hakikuzunguka. Kilikwenda mbele kikagonga ukingo, kikarudi nyuma kikagonga ukingo, mbele na nyuma, na sukari ikabaki imelala chini. Akajaribu mkono wa kushoto. Mambo yakawa yale yale. Akasonya, akampelekea hivyo hivyo.

Asheri hakuona kitu. Mtu yule hakuwa na desturi ya kuona jambo ambalo hakuliandika yeye. Alikunywa, akakunja uso, akasema kwamba mwanamke mwenye cheti cha ualimu anayeshindwa kutia sukari kwenye chai ni aibu kwa taifa, akavuta soksi zake ndefu mpaka magotini, akaenda kazini.

Wako watu wanaozaliwa na kengeza na wako wanaozaliwa na kigugumizi; Asheri alizaliwa na dharau, na shule ikaipalilia na kuitia mbolea. Alikuwa mtoto wa Mamba, juu milimani kwa Wapare, wa nyumba ya Kilutheri yenye kahawa na sala nyingi. Kahawa ya mama yake ilimsomesha, kisha serikali ikampeleka Ulaya ya Mashariki, akarudi na koti zito ambalo katika joto la mji wa Bendera lisingefaa hata kumfunika mbuzi, na hesabu za kitu kimoja tu. Wakati huo mashamba ya mkonge yalikuwa yametaifishwa na Wazungu wamekwenda zao. Akapangiwa shamba moja la huko tambarare, karibu na Bendera, ambako kilichohitajika ni mtu wa kutengeneza pampu ya maji. Pampu hakuigusa. Pampu ni kazi ya mafundi, alisema.

Yeye alikuwa na mota yake. Mota ya kawaida, aliwaeleza wajumbe wa kamati ya shamba kwa sauti ya mtu anayelisha watoto uji, ni duara la nyaya za shaba, na ndani yake kuna chuma kinachozungushwa na nguvu ya umeme. Sasa likate duara hilo, likunjue, lilaze chini kama mkeka kati ya reli za troli. Nguvu iliyokuwa inazunguka itakwenda moja kwa moja, na troli lenye bamba la chuma tumboni litakimbia na matita ya mkonge kutoka shambani hadi kiwandani bila injini, bila mtu wa kusukuma, bila kitu kugusana na kitu. Yote alikuwa ameyaandika kwa hesabu, ukurasa kwa ukurasa. Meneja, Ndugu Novatus, ambaye zamani alikuwa karani wa posho, alikubali palepale. Alikuwa na tabia ya kukubali haraka kila jambo aliloelewa nusu yake, watu wasije wakamuuliza habari za nusu ya pili.

Eliaichi ndiye aliyenakili hesabu zile kwa mwandiko safi, kwa kuwa alifundisha hesabu shule ya msingi na alikuwa na macho. Alikwama mahali pamoja. Duara halina mwisho, lakini kitu kilichonyooshwa kina ncha mbili, na kwenye ncha nguvu inavurugika. Asheri mwenyewe alikuwa ameanza kuiandika vurugu hiyo, kisha akaikata kwa mstari, na juu yake akaandika kwamba njia ichukuliwe kuwa haina mwisho. Eliaichi akamuuliza kama reli za shamba nazo hazina mwisho. Alijibiwa kwamba hesabu yenye ncha ni chafu, na kwamba kazi yake yeye ni kunakili.

Nyaya za shaba hazikuwepo, isipokuwa katika mota moja kuukuu ya Kijerumani iliyokaa pembeni mwa chumba cha brashi, pale wanawake wanaposugua singa, nyuzi za mkonge zilizokauka. Mota ile haikufungwa mkanda wala mashine. Ilizunguka tu, usiku na mchana, bure, tangu enzi za Mgiriki mwenye shamba, na hakuna aliyewahi kuizima. Asheri alipoiona alicheka mpaka akashika kiuno. Umeme wa taifa, alisema, unazungusha upepo.

Mwenye mota, kama ilikuwa na mwenyewe, ni Mwanakheri, mnyapara wa wanawake wa brashi na mganga wao, mama mtu mzima kutoka Pangani, mwenye ugoro mdomoni na ulimi wa kuchuna ngozi. Kila Alhamisi aliitia mafuta ya nyonyo na tumbaku aliyowachangisha wafanyakazi, na nusu ya tumbaku hiyo mota haikuionja kamwe. Alimfuata Asheri akamweleza bila kupamba. Zamani mashine ya korona, ile inayokwangua majani ya mkonge, ilikuwa na jini anayekula mikono ya watu. Mganga wa Kizigua akamfunga ndani ya mota ile kwa kumzungusha. Akizunguka analewa, hajui alipo. Ukimkata na kumnyoosha, atazinduka. Asheri alimsikiliza mbele ya wanawake wote wa brashi, kisha akamuuliza kama jini lake lina kadi ya chama. Halafu akaagiza msumeno.

Waliichomoa waya, ikaendelea kuzunguka. Ilizunguka mpaka msumeno ulipomaliza upande wa mwisho wa duara, na hapo ikatoka harufu ya shaba iliyoungua na ya maji ya mkonge yaliyooza, nzito kiasi cha kuwafanya wanawake wavute kanga puani. Asheri alisema ni vanishi ya nyaya.

Kesho yake ndiyo asubuhi ya ile chai. Siku iliyofuata ufunguo ulikataa kugeuka kitasani. Kisha gurudumu la kisima likakaza, kisha kinu cha kusagia cha kijiji, kisha baiskeli ya tarishi, naye akaibeba begani kutoka Mkomazi akimtukana aliyeiunda. Shuleni watoto wa darasa la kwanza walishikana mikono kucheza mduara, na Eliaichi alipotoka nje akawakuta wamesimama mstari mmoja ulionyooka, kimya, nyuso zao zote zimeelekea milimani. Aliwauliza wanaangalia nini. Hawakujua.

Siku ya majaribio kamati nzima ilikuja. Asheri akawasha umeme, mvumo ukapita ardhini chini ya viatu vya watu, na troli tupu likaondoka lenyewe, laini, likashika kasi. Ndugu Novatus akapiga makofi. Reli zikaisha na troli halikusimama. Liliingia kwenye mkonge, kati ya mstari na mstari, magurudumu yake hayazunguki, likaenda likielekea milimani mpaka likawa doa, na makofi ya Ndugu Novatus yakafa moja moja. Asheri alisema kwamba msuguano ulikuwa mdogo kuliko alivyokadiria.

Tangu hapo mwenyewe akaanza kunyooka. Kwanza shingo ilikataa kugeuka. Akiitwa ubavuni, alijibu akiangalia mbele, na watu wakasema ni maringo yamezidi, maana ilikuwa vigumu kutofautisha. Kisha kiuno. Eliaichi akawa anamgeuza kwa mikono miwili kama mtu anavyogeuza kabati, amwelekeze mlangoni, amwelekeze mezani. Kila ilipofika saa sita, jua likiwa utosini na vivuli vimejificha chini ya miguu ya wenyewe, popote alipokuwa, Asheri aliinuka akaelekea milimani, na mvumo ule ule wa ardhini ukasikika ndani ya chumba ingawa umeme ulikuwa umezimwa. Mchana mmoja Eliaichi alimtazama kwa nyuma akaona shati lake limebonyea katikati ya mgongo, limebonyea sawasawa na kiganja cha mkono mkubwa, vidole vitano vimetanuka, na hapakuwa na mtu.

Aliogopa. Mume yule alikuwa mzigo, alijua hivyo kuliko mtu yeyote, lakini alikuwa mume wake, na siku moja angeanza kutembea asimrudie. Akaenda kwa Mwanakheri.

Mwanakheri alimweka nje mpaka miguu ikamuuma. Alipomkaribisha na kuitikia shikamoo yake, alimwambia kwamba waliosoma huja kwa waganga kama wanavyokwenda chooni, wakiangalia nyuma. Eliaichi akalia. Basi Mwanakheri akatema ugoro, akasema amlete kesho kwenye reli, jua likiwa utosini, na wanawake wa brashi wawepo wote.

Walikuja. Ndugu Novatus naye alikuja, akajificha nyuma ya wanawake. Ubani ukafukizwa, na moshi wake haukupanda wala kujikunja. Ulikwenda sambamba na ardhi, mstari mwembamba, kuelekea milimani. Mwanakheri akatikisika, akainamisha kichwa, na alipokiinua ikatoka sauti ya kiume, ya upole, yenye Kiswahili cha mtu aliyelelewa vizuri.

"Mimi sina ugomvi na huyu," ilisema. "Wengine walinifunga. Huyu amenikunjua, kisha akaniandikia njia isiyo na mwisho. Nani amewahi kunifanyia wema kama huo? Nataka kufuatana naye tu."

Kisha Mwanakheri akarudi mwilini mwake akihema, jasho likimtiririka. Kwa mara ya kwanza maishani hakuomba tumbaku.

"Neno limetoka kwake, na ni yeye wa kulirudisha," akamwambia Eliaichi. "Aseme njia ina mwisho. Aseme amekosea, hapahapa, mbele ya hawa aliowacheka. Mimi sitaki mbuzi wala kuku."

Eliaichi akamshika Asheri mkono, akamwambia ni neno moja tu, aseme nimekosea. Wanawake wa brashi wakasogea karibu. Asheri alikuwa amesimama wima, anaangalia milima, na midomo yake ikafunguka.

"Kimsingi," alisema, "huko si kukosea. Ni makadirio. Ukichukulia kwamba urefu wa njia ni mkubwa sana, basi ncha hazina uzito wowote katika hesabu, na mtu yeyote aliyesoma angeliona hilo."

"Wapare nyie," Mwanakheri akasema kwa sauti ya chini. "Mtu atauza ng'ombe wawili ashinde kesi ya kuku."

Asheri aliendelea kueleza, na alipokuwa akieleza mguu wake wa kulia ukatangulia, ukafuata wa kushoto, wala haikuwa hatua ya mtu anayetaka kwenda bali ya gari linalosukumwa, na Eliaichi akamkumbatia kiunoni akausikia mvumo ndani ya mbavu zake kama ameshika nguzo ya umeme, akaburutwa naye juu ya mawe na mataruma, kanga ikamtoka, magoti yakachubuka, naye akawa anamwambia sikioni, polepole, kama anavyomwambia mtoto wa darasa la kwanza, sema nimekosea, mume wangu, sema tu hata kama huamini, kesho utakanusha, na Asheri bila kugeuza shingo, kwa ule uvumilivu wake wa kumvumilia mjinga, akamjibu kwamba yeye ni mwalimu wa shule ya msingi na hata akielezwa asingeelewa.

Hapo mikono ya Eliaichi ikaachia. Hakumwambia mtu kama iliachia yenyewe au aliiachia yeye.

Asheri aliingia kwenye mkonge kati ya mstari na mstari. Jioni ile funguo ziligeuka kwenye vitasa, na kinu cha kijiji kikasaga. Ndugu Novatus aliandika ofisini kwamba mhandisi ameacha kazi bila ruhusa, akaomba apelekewe mwingine, ikiwezekana asiye na mawazo.

Eliaichi akafuata nyayo. Zilifika kwenye ukuta wa mwamba chini ya mlima, zikaishia kwenye jiwe, na juu ya mwamba zikaanza tena kwenye mstari ule ule. Kule Mamba mama mkwe wake, Yudith, alikuwa ameketi uani, kahawa imetawanyika. Alisema mwanawe alipita katikati ya mkeka wa kahawa, akamwamkia shikamoo bila kumtazama, akapanda ukuta wa bustani na kushuka. Alimwita mpaka sauti ikakauka. Wazee wa zamu ya maji walimwona akiingia kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba, lililokuwa limejaa pomoni. Waliona kichwa kikizama. Wakangoja, na upande wa pili kikaibuka kichwa, kisha mabega, kisha soksi ndefu, mwendo ule ule, na maji juu yake hayakuwa na wimbi hata moja.

Pale Same alikatiza ofisi ya chama, mlango hadi dirisha, mkutano ukiendelea. Eliaichi alikwenda akiuliza kutoka mji hadi mji, na kila siku akijiambia kwamba njaa na kiu vitamshinda, dharau itamwishia njiani, atasema neno lile na kusimama, naye amkute ameketi chini ya jua akimsubiri. Kwa tumaini hilo alibeba nguo safi za mumewe kwenye furushi.

Huko Lembeni, kwenye mnada wa mifugo, alimkuta Mmasai mmoja aliyepishana nao nyikani.

"Nao?" Eliaichi akauliza. "Walikuwa wangapi?"

"Nilimwona mmoja," Mmasai akasema, "lakini nilisikia wawili. Wa mbele anaeleza, anaeleza, hapumziki. Maneno ya shule, mimi sikuyashika. Wa nyuma ana sauti nzuri sana. Yeye hakatai kitu. Anasema tu, naam, bwana, ni kweli, endelea."

Eliaichi akamshukuru. Alifungua furushi, akampa nguo zile, kisha akaenda kwa muuza vitambaa akanunua kaniki nyeusi, akajifunga kimjane.