Vigingi vya Kando ya Bwawa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya chai ya Gesima wakati Mokeira aliposhuka garini kwenda kukagua vigingi vyake vya kupimia msingi bwawani, kwa mara ya nne.

Yeye ndiye msanifu wa jumba litakalojengwa pale. Ghorofa sita za nyumba za kifahari, kila sebule ikitazama maji kupitia ukuta wa kioo, kila chumba cha kulala na roshani yake. Alilichora kwa miezi saba. Lakini kila vigingi vya upande wa maji vilipopigwa, asubuhi vilikutwa vimehamia juu kilimani, hatua thelathini, vimenyooka sawasawa.

Mwenye mradi, Ochoki, alishapata wa kulaumu. Nyangate, bibi mjane anayeishi peke yake jirani na kiwanja.

"Huyo ni mchawi," alimwambia Mokeira kwa simu mchana. "Sabato ikiisha jioni hii, vijana wanaenda kwake. Wewe usijihusishe."

Mokeira alijihusisha. Alipita kwa Nyangate, akamshika mkono, akaja naye kiwanjani.

"Kaa nami hapa, magokoro, bibi yangu. Vigingi vikihama nawe uko kando yangu, nani atasema ni wewe?"

"Watasema tu," bibi akajibu. Lakini alikaa.

Kiza kikaanza kutanda. Vyura wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Kisha ikaja harufu. Tope bichi... na moshi wa jikoni.

Tup.

Kigingi cha kwanza kiling'oka chenyewe, kikaelea hadi juu kule, kikajichomeka ardhini.

Tup.

Cha pili. Hapakuwa na mtu. Ila kwenye udongo mkavu nyayo zilikuwa zinatokea, za miguu mitupu, zimelowa, moja baada ya nyingine, zikipanda kutoka majini.

"Mwanangu," Nyangate alinong'ona, "tuondoke."

Mokeira alitazama njia ya kurudi garini. Lakini wakiondoka, vijana wangekuta vigingi vimehama, wangemfuata bibi nyumbani kwake. Bila kuuachilia ule mkono mkavu, akaenda hadi kigingi cha mwisho kilichobaki kando ya maji. Akakikanyaga.

"Ramani nimechora mimi." Sauti ilimtetemeka. Akarudia kwa nguvu. "Kama una neno, niambie mimi. Huyu mama mwache."

Mkono wa baridi ukamshika kifundo cha mguu.

Haukuvuta. Ulishika tu, ukabana, ukangoja ainue mguu. Hakuinua. Polepole, kidole kimoja kimoja, ukaachilia.

Tochi zikateremka kilimani. Ochoki na wanaume saba, mmoja amebeba mtungi unaonuka petroli. Ochoki akamulika vigingi, kisha akamulika uso wa Nyangate.

"Mnajionea wenyewe?"

"Niliyeona ni mimi," Mokeira alisema, akapandisha suruali. Alama tano nyeusi zilizunguka kifundo, maji yakichuruzika kutoka kwenye ngozi yenyewe. "Mama huyu nimemshika mkono muda wote. Anayetaka kumgusa aanze na mimi. Na jumba litaanzia pale juu vigingi vilipohamia, Ochoki. Hutaki, tafuta mwingine akuchoree."

Mwenye mtungi ndiye aliyegeuka kwanza. Ochoki aliukodolea macho ule mguu, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akawafuata wenzake.

Mokeira alimsindikiza Nyangate hadi mlangoni.

"Ni nani yule, magokoro?"

"Kabla ya bwawa, pale majini palikuwa na nyumba ya mke mwenzangu. Walimwambia ahame, maji yanakuja. Akakataa, akabaki jikoni kwake."

"Sasa anataka nini?"

"Sijui. Hapa huja, husimama nje. Sijawahi kumfungulia." Bibi akaingia, akapiga komeo.

Mokeira akarudi kwenye gari lake. Alikuwa amelifunga kwa ufunguo. Alipofungua mlango, harufu ikamkaribisha, tope na moshi. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa chapachapa.

Alikigusa kwa kidole, akafuta mkono kwenye suruali. Kisha akaketi, akafunga mkanda, akawasha taa.

"Ukija nami, kaa kimya," alisema bila kugeuka. "Nina kazi ya kuchora."

Hadi Kisii mjini, hakuna aliyesema kitu. Maji tu... yakidondoka nyuma yake.