Amplifaya ya Aya

Siku ya Jumatano, saa nane mchana, mtoto wa Nasser aliitika "Abee!" na hakuna mtu aliyekuwa amemwita.

Bahiya, mama yake, alikuwa jikoni anakuna nazi. Alichungulia sebuleni akamwona Aya ameketi mkekani, hedifoni masikioni, uso ameugeuzia ukutani, anatabasamu. Televisheni ilikuwa imezimwa. Nasser mwenyewe alikuwa kazini Kunduchi, anafunga nyaya kwenye hoteli. Bahiya akarudi kwenye mbuzi yake, lakini nazi ile hakuimaliza.

Kwa mtoto mwingine lingekuwa jambo dogo. Watoto huitika hovyo, wengine huitika hata paka akilia. Lakini Aya alikuwa na miaka sita, na tangu azaliwe alikuwa hasikii, au tuseme alisikia kwa mbali mno. Nyumba yao ilikuwa Wazo, kando ya barabara ya malori ya saruji, na lori lilipompigia honi mgongoni hakugeuka. Kifaa alichopewa hospitali kilimpigia filimbi sikioni, akakichomoa akakitumbukiza kwenye chai ya baba yake. Kikafa hapohapo.

Nasser naye alikuwa na ugonjwa wake: kuunda amplifaya. Mafundi wenzake walipumzika kwa bao, yeye alipumzika kwa kulehemu. Chumba cha nyuma kilijaa kapasita, nyaya na makopo ya biskuti, na vijana wa studio za singeli walitoka Temeke yote ile kufuata viboksi vyake vya hedifoni, maana vya kwake havivumi. Ndipo siku moja akajiuliza: ikiwa naweza kumfanya kijana asikie ngoma mpaka meno yamtetemeke, mwanangu je?

Miezi miwili akahangaika. Kila transfoma aliyojaribu ilivuma. Mwishowe akaenda Kurasini kwa mzee Husseinali, aliyekuwa akihamisha ghala la marehemu baba yake. Mlikuwa na redio kubwa ya zamani, ya kabati. Husseinali ni mtu mkarimu, mzigo wako hukubebea mpaka garini. Siku ile alisimama mlangoni, mikono nyuma.

"Fungua mwenyewe, Nasser. Mie siigusi."

"Kwani ina shoti, mzee?"

"Haijaonja umeme tangu baba afariki. Chukua unachotaka, uende zako salama."

Angeuliza swali la pili, leo tusingekuwa hapa. Lakini fundi akiona transfoma nzito ya shaba, masikio yake huziba kuliko ya Aya.

Akaifunga kwenye amplifaya mpya, na kweli, haikuvuma hata kidogo. Nasser akamvika mtoto hedifoni, akashika maiki, akazungusha kitufe taratibu. "Aya." Mtoto akashtuka. "Aya." Akamtazama baba yake mdomoni, akanyoosha mkono akamgusa koo. Nasser alilia, na wala hakuona haya.

Kuanzia jioni ile akawa anamfundisha. Anajificha nyuma ya pazia na maiki yake, anaita, na mtoto akiitika "Abee" anapata kipande cha kashata. Ilikuwa abee nzito, herufi ya b imelainika mdomoni kama ana tonge, na Nasser hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile duniani.

Sasa turudi kwenye ile abee ya Jumatano. Alhamisi Aya aliitika mara tatu. Usiku Bahiya akamvuta mumewe kanzu, akanong'ona, kana kwamba kuta zina masikio.

"Baba Aya, mwanao anamwitikia nani?"

"Inanasa redio, mke wangu. Nyaya hunasa mawimbi, ni kawaida."

"Redio inamjua jina?"

"Bahiya, usianze."

"Sianzi mie, kimeanza chenyewe. Na ile harufu? Chumba chako kinanuka udi uliolowa maji. Nani kafukiza udi humu?"

Nasser akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Harufu ile hata yeye alikuwa ameisikia, akajisingizia ni risasi ya kulehemu.

Ijumaa alirudi kutoka msikitini akakuta umeme umekatika. Feni imesimama, friji kimya, mtaa mzima umetulia kwa joto. Bahiya alikuwa kwa jirani anaazima mkaa. Nasser akaingia chumba cha nyuma. Taa nyekundu ya amplifaya ilikuwa inawaka. Plagi ilikuwa sakafuni, nje ya soketi. Hedifoni zilikuwa juu ya kiti, hazina mtu, nazo zilikuwa zinanong'ona.

Akazivaa, na kwanza akasikia maji yakidondoka ndani ya kitu kirefu, tone, tone, kisha pumzi ya mtu aliyekaribia mno maiki, ilhali maiki ilikuwa mezani mbele yake na hakuna aliyekuwa nayo, na pumzi ile ikavutwa, ikatulia, ikageuka maneno, na maneno yale, kwa upole uleule wa nyuma ya pazia, kwa sauti yake yeye mwenyewe Nasser, yakawa yanasema Aya, Aya mwanangu, njoo kwenye tangi, baba nimekuwekea kashata, nimeshafungua, njoo, na kutoka uani, kwa masikio yake ya kawaida, akamsikia mtoto akijibu, "Abee!"

Hedifoni alikuwa nazo yeye. Mtoto alisikia kwa kifaa gani?

Alikimbia na waya shingoni. Tangi lao la maji lilichimbwa chini ya ardhi, kifuniko chake ni zege, hukinyanyui bila mwanamume wa pili. Kilikuwa kimesukumwa kando. Aya alikuwa ameketi ukingoni, miguu inaning'inia ndani, ameinama kuchungulia. Nasser akamdaka gauni, akamvuta. Mtoto akampiga, akamng'ata mkono, akaonyesha kidole majini.

"Baba," alisema. "Baba."

Kisha akamtazama Nasser kama anavyotazamwa mgeni.

Alasiri ileile akaja maalim Azzam kwa bodaboda. Asubuhi huuza samaki Kunduchi, mchana husomea watu, na kanzu yake safi haikuficha harufu ya changu. Alisoma mpaka jasho likamchirizika. Aya alilala mapajani mwa mama yake. Amplifaya ikalia mlio mmoja mrefu mwembamba, taa ikazimika. Maalim akaing'oa transfoma, akaiviringisha kitambaani.

"Hii nitaitosa mwenyewe kwenye kina. Hebu niambieni. Mtoto wa pwani akisikia jina lake na hamwoni anayemwita, afanyeje?"

"Asiitike," alisema Bahiya.

"Huyu aliambiwa na nani?"

Nasser na Bahiya waliambiwa na mama zao kabla hawajajua kuvaa viatu. Aya hakuwahi kuambiwa, maana hakuwahi kusikia.

"Na mie nikampa kashata kwa kuitika," Nasser akasema.

"Ameitika na jina limepokewa. Yule ameondoka, lakini jina hatalirudisha. Mwachieni. Mtoto mpeni jingine, na hili lisitajwe nyumbani humu hata kwa bahati mbaya. Atakayelitaja hamwiti mwanenu. Anamwita yeye."

"Maalim, ndilo neno pekee alilowahi kulisikia kwangu."

"Najua, mwanangu. Pole."

Wakamwita Salha. Mtaa ukazoea, taratibu, kusema Baba Salha na Mama Salha. Mtoto alirudi kwenye ukimya wake, akala, akalala, akanenepa. Jina jipya alijifunza kulisoma kwenye midomo. Nasser alifunga chumba cha nyuma na hakugusa tena chuma cha kulehemu. Usiku mwingine alijikuta anasema "abee" peke yake, kwa ile b nzito, asije akaisahau.

Miezi mitatu ikapita. Jumamosi moja asubuhi Bahiya alikwenda sokoni. Nasser alifunga mlango, ufunguo akatia mfukoni, akaketi barazani kumwangalia Salha akicheza. Mpira ukabingirika barabarani, naye akaufuata. Lori la saruji lilikuwa linarudi nyuma.

Alifungua mdomo kuita Salha. Lakini ulimi una mazoea yake.

"Aya!"

Dereva alisikia. Breki zikalia, lori likasimama hatua mbili kutoka kwa mtoto. Salha, ambaye hakusikia lolote, aliokota mpira wake akampungia baba yake mkono. Nasser akashikilia nguzo ya baraza, anamshukuru Mungu.

"Abee!"

Ilitoka nyuma yake, ndani ya nyumba aliyoifunga. Ilikuwa na ile b nzito, yenye tonge. Kikafuata kishindo cha kandambili ndogo zilizolowa maji, zinatoka chumba cha nyuma, zinapita sebuleni bila haraka, mpaka zikasimama mlangoni. Harufu ya udi ikapenya chini ya mlango.

"Abee, baba. Nimeitika. Kashata yangu iko wapi?"