Sinia la Mjomba Hija

Haya yalimpata rafiki yangu Massoud, aliyekuwa akisomea udaktari chuo kikuu mwaka 1956. Likizo alikuja Tongoni kwa mjomba wake Hija na sanduku la mifupa ya mkono wa maiti, ya kujifunzia. Mjomba hakutaka iingie ndani. Massoud akaificha uvunguni.

Jioni walipokuwa wakila wali wa nazi katika sinia moja, taa ikazimika. Mjomba akatoka kutafuta mafuta. Massoud, kwa njaa, akaendelea kula gizani. Kitu kikakwangua sinia. Kidole baridi kikampapasa, na tonge lililofuata likanuka dawa ya maiti.

"Mjomba, umerudi?"

"Bado natafuta mafuta," Hija akajibu kutoka uani.

Taa ilipowaka, Massoud akalivuta sanduku. Kufuli lake lilikuwa bado limefungwa. Akalifungua sanduku. Vidole vilikuwa vimelowa tui, na punje za wali baina ya maungo zilikuwa bado za moto.