Mguu Juu ya Klachi

"Chuma cha marehemu, Fundi! Umekifungua kwenye gari lililomuua baba, ukakifunga kwenye hili, halafu ukanyamaza?"

"Kufa kufaana, dada. Flaiwili yetu ilikuwa na nyufa kama shamba la kiangazi. Ya baba ilikuwa nzima. Ningeitupa?"

"Ungeitupa!"

Walikuwa kwenye uwanja wa gereji, jua likiwa limeanza kuchoka. Dada mtu alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Cherehani. Mdogo wake alikuwa Fundi tangu alipopata nguvu za kushika spana. Hata mama yao alimwita hivyo. Katikati yao, juu ya gunia, ilikuwa pleti ya klachi aliyoitoa Fundi mchana ule. Ilikuwa nyeusi, imekwisha, inanuka kama nywele zilizoungua.

Cherehani hakuwa mtu wa magari, lakini kukulia kwenye gereji ni shule pia. Alijua kwamba flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, na kwamba pleti hulikumbatia ndipo nguvu ifike kwenye matairi. Pleti ikishindwa kukumbatia, au pedali ya klachi ikikanyagwa, injini hulia bure na gari halipandi.

"Hii si umeifunga juzi tu?" aliuliza.

"Juzi tu."

"Mbona imekwisha?"

Fundi aliigeuza kwa kidole. "Inaungua hivi mtu akiendesha huku amelaza mguu juu ya pedali. Mchana kutwa."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Mimi? Dada, unanijua."

Alimjua. Na wote wawili walimjua mtu mmoja tu aliyeendesha vile. Baba yao alilaza mguu wa kushoto juu ya klachi maisha yake yote, mpaka kiatu cha kushoto kikawa kinaisha kabla ya cha kulia. "Baba, klachi si kigoda," Fundi alikuwa akimwambia. Mzee alicheka tu. "Mguu wangu unajua pa kupumzikia."

Simu ndiyo iliyowakatiza.

Alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akimuuguza mama yao ng'ambo ya bonde. "Kifua kimembana mama yenu. Akilala anakabwa, akikaa anahema kama mbio. Njooni mumpeleke hospitali huko mjini leo. Kesho mimi siiahidi."

Mvua ilikuwa imeikata barabara ya bonde. Magari madogo yalikwama tangu wiki iliyopita. Dizeli ya Fundi, inayovuta kwa magurudumu yote manne, ndiyo pekee iliyobaki. Pleti nyingine alikuwa ameshaifunga, juu ya flaiwili ileile.

Ugomvi ukafia hapo. Cherehani akapanda.

Waliteremka kilima cha kwanza taratibu. Katikati ya kilima hicho kulikuwa na kona yenye korongo pembeni. Mwaka jana, baba yao alikuwa akikipanda kilima hiki, klachi ikateleza, injini ikalia, gari likarudi kinyumenyume mpaka korongoni. Cherehani alitazama upande mwingine. Walivuka kijito, wakapanda mlima wa pili hadi kwa mama. Gari lilipanda vizuri.

Vizuri mno.

Mama mkubwa aliwapokea mlangoni. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, lakini watu aliwajua kwa nyayo.

"Pita, Cherehani. Unakanyaga kama unashona. Na wewe Fundi, kung'uta matope, hapa si gereji."

Mama alikuwa ameketi kitandani, midomo imekuwa ya kijivu. Hakuweza kusema maneno mawili bila kupumzika. Walimbeba akiwa ameketi vilevile, wakamweka kiti cha nyuma, mgongo wake kifuani mwa Cherehani. Kila pumzi ya mama, Cherehani aliisikia ikikwaruza ndani kama mkasi butu kwenye kitambaa kizito.

Giza lilikuwa limeshaingia walipovuka tena kijito na kuanza kukipanda kile kilima.

Gia ya kwanza. Gari likanguruma, likapanda. Mita chache. Mita chache tena. Kona ikaonekana kwenye taa.

Kisha mlio wa injini ukabadilika. Ukapanda juu, mwembamba, kama mtu anayepandisha sauti kwa hasira. Gari halikuongeza mwendo.

Harufu ikaja... nywele zilizoungua.

"Toa mguu, Fundi," Cherehani alinong'ona.

"Nimetoa."

"Toa mguu kwenye klachi!"

"Dada, tazama!"

Alichungulia katikati ya viti. Fundi alikuwa ameukunja mguu wa kushoto, goti limegusa usukani. Chini, kwenye mwanga hafifu wa dashibodi, pedali ya kushoto ilikuwa inashuka. Polepole. Kama anavyoshuka mtu mzito anapokaa kitini.

Ikafika sakafuni. Ikatulia.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Fundi alikanyaga breki, akavuta na ya mkono. Likasimama. Aliruka chini, akafungua boneti, akamulika kikopo cha mafuta ya klachi. Kilikuwa kimejaa. Alirudi, akaishika pedali kwa mikono miwili, akaivuta hadi mishipa ikamtoka shingoni. Haikusogea hata kidogo.

"Ni kitu kimekwama tu," alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu anayeamini.

Akazima injini. Pedali ikapanda yenyewe, kwa upole.

Akawasha. Ikakaa juu. Akatia gia. Ikashuka.

Cherehani alivua mtandio wake. Alikuwa ameushona mwenyewe, pindo mbili, uzi wa jinzi. "Ifunge juu."

Fundi akazima injini, pedali ikapanda, akaifunga kwenye nguzo ya usukani, mafundo matatu. Akawasha gia ikiwa imeshaingia, gari likasogea, likapanda, na kwa kitambo kidogo Cherehani alifikiri wamepona. Mama alikuwa amefumba macho.

Trr.

Sauti hiyo aliijua kuliko jina lake. Ni uzi mmoja umekatika.

Trr. Trr.

Fundo halikufunguka. Kitambaa ndicho kilichoachia, mshono kwa mshono, bila haraka, kama mshonaji mwenzake anafumua nguo ili aishone upya. Kisha mtandio ukapasuka wote na pedali ikaenda sakafuni.

Injini ililia bure pale pale konani.

Fundi akaanza kulia pia. "Tumbebe," alisema. "Tumbebe kwa miguu." Wakajaribu. Walipomtoa nje na kumpakata, mama alikabwa, macho yakamtoka, ikabidi wamrudishe upesi aketi. Simu zao hazikushika mtandao bondeni. Mbele, juu ya kilima, taa za mjini zilionekana. Mtu angeweza kuzihesabu.

Mama aliugusa mkono wa binti yake.

"Mwambieni... atoe mguu."

"Nani, mama?"

"Siku ya mazishi... nilimwambia." Alipumzika. "Nilimwambia anisubiri palepale alipoangukia. Nilisema tu, mwanangu. Watu... husema."

Cherehani alikitazama kiti cha mbele cha abiria. Kilikuwa kitupu. Aliomba kwa sauti ndogo, kwa ile heshima ya utotoni. "Baba. Shikamoo, baba. Tunakuomba, tupishe." Alisubiri. Injini ililia. Pedali ilibaki sakafuni.

Mwishowe Fundi akatia gia ya kurudi nyuma, bila matumaini, akiwa hajui afanye nini kingine.

Pedali ikapanda juu. Klachi ikashika kama mpya.

Aligeuza gari kwenye kona, pua ikatazama kijito na mlima wa kwa mama. Likaenda. Akajaribu kugeuza tena kuelekea mjini, pedali ikazama. Akajaribu mara nyingine, akipiga usukani kwa ngumi, akimtukana baba yake na kumwomba radhi katika pumzi ileile. Ikazama.

Basi wakarudi walikotoka. Gari halikuteleza hata kwenye matope. Cherehani alimshika mama yake kwa nguvu, kana kwamba kuna mtu anamvuta upande wa pili, na mkwaruzo ule kifuani ulizidi kuwa mdogo, na mdogo, naye hakuwa na la kufanya ila kuusikiliza.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi. Mama mkubwa alisimama kizingitini na taa asiyoihitaji, ameinamisha kichwa, anasikiliza nyayo kwenye changarawe. Walipita mbele yake na mama mikononi.

"Pita, Cherehani. Pita, Fundi, mlaze mama yako taratibu."

Lakini hakuufunga mlango. Aliusukuma wazi zaidi, akasogea pembeni, akakunja pua.

"Na wewe pita, shemeji. Ila hicho kiatu cha kushoto kivue nje, kinanuka kuungua."