Alama Zinazoshuka Mwambani

"Zile alama zimeshuka tena," Brashi alisema.

Kinyonga aliacha kukunja kamba. "Zimefika wapi?"

"Jana zilikuwa kwenye ule ufa. Leo ziko chini ya ufa, mistari minne. Minene, yote imelalia kushoto."

"Marehemu rafiki yangu alikuwa anatumia mkono wa kushoto."

"Ndiyo maana nakwambia wewe tu. Watu wengine watasema nimechanganyikiwa."

"Umezifuta?"

"Nimeteremka kwa kamba, nimezifuta zote. Zikitoka nyingine kesho, zitakuwa zimebakiza urefu wa mtu kufika chini. Zikifika chini, mpenzi, itakuwaje?"

Badala ya kumtazama mchumba wake, Kinyonga alitazama pembeni, kwenye rafu ya viatu, akasema hajui.

Mwambani hapo kulikuwa na adabu moja ambayo haikuandikwa popote. Wapandaji miamba hupaka mikono chaki ili jasho lisiwatelezeshe, na wengine huchora kamstari kadogo kujionyesha pa kushika. Hakuna ubaya. Ila ukimaliza unafuta, kwa sababu anayekuja nyuma yako ana haki ya kuitafuta njia mwenyewe. Brashi alipata jina lake hivyo: alikuwa akifuta mpaka uchafu wa wageni, huku akiwasema hadi waone aibu. Kazi yake hasa ilikuwa kushona mikanda ya kupandia kwenye stoo ya vifaa, chini ya mwamba. Kinyonga alikuwa mkufunzi hapo hapo. Walimwita hivyo kwa kuwa alipanda polepole, lakini hakuna aliyewahi kumwona akianguka.

Ukuta wa kaskazini wa mwamba haukuwa umepandwa na mtu tangu rafiki wa Kinyonga aanguke pale na kufa, miaka mitatu nyuma. Sasa ilikuwa siku ya tisa alama zinaonekana. Na hazikuanzia chini zikapanda, kama alama za watu wenye akili zao. Zilianzia kileleni, zikawa zinashuka, kila asubuhi hatua chache, kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Brashi alikuwa jasiri, lakini siku hizo alianza kushona akiwa ameupa ukuta uso, si mgongo.

Shangazi wa Brashi, fundi wa nguo, alipiga simu mchana.

"Ameshasema tarehe ya harusi?"

"Bado, shangazi."

"Ameahirisha mara mbili! Gauni nimelitundika mpaka limeanza kunizoea. Huyo mwanaume anakuzungusha."

"Ana mawazo tu."

"Mawazo yana jina na namba ya simu. Hebu niambie, akiongea na wewe anakutazama machoni?"

Brashi aliivuta sindano mpaka mwisho wa uzi. Ilikuwa karibu nusu mwaka Kinyonga hajamtazama machoni.

"Umeona? Mimi nimemaliza," shangazi alisema, na hakuwa amemaliza; aliendelea robo saa nzima.

Jioni, Kinyonga alipokuwa akinawa mikono, simu yake iliwaka juu ya meza ya stoo. Maandishi yake aliyafanya makubwa siku hizi, maneno machache yanajaza kioo. Brashi aliusoma ujumbe akiwa mlangoni, bila hata kunyoosha shingo:

*Kesho alfajiri kama kawaida. Brashi asijue.*

Jina la mtumaji halikupata nafasi kwenye kioo. Moyo ulimpasuka. Alitaka kupiga kelele, akatamani aivunje ile simu, mwisho akaaga kwa sauti ya kawaida na kwenda zake. Kama kuna mwanamke, alisema moyoni, nitamwona kwa macho yangu, kisha pete nitaivua mbele yake.

Alfajiri alifika mwambani peke yake. Ukungu ulikuwa mzito hata stoo haikuonekana. Alijibanza chini ya ukuta wa kaskazini, akasubiri kicheko cha mwanamke.

Alichosikia kilitoka juu.

"Kulia. Kidole kimoja. Shuka. Kushoto, mkono mzima."

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayekariri. Kisha kitu chepesi kilimwangukia usoni. Alijipangusa, akaona vidole vyake vimekuwa vyeupe. Ilikuwa chaki. Alijibanza zaidi ukutani.

"Nimekaribia chini," sauti ilisema. "Nivumilie, ndugu yangu."

Mawe madogo yakaporomoka. Kamba ikalia, na mtu akateremka ghafla kutoka kwenye ukungu, akaning'inia mbele ya Brashi, uso kwa uso, hata pumzi yake aliisikia. Alikuwa Kinyonga. Alimtazama moja kwa moja, macho yamemtoka kwa hofu.

"Ni wewe?" aliuliza. "Ndugu yangu, ni wewe umekuja?"

Mwanaume aliyemvisha pete alikuwa akimtazama kwa umbali wa mkono mmoja, na hakumjua.

"Kinyonga. Ni mimi."

Alishtuka. Kisha akageuza uso pembeni, kama alivyokuwa akifanya miezi yote ile, na machozi yakaanza kumtoka.

"Vipi huko chini? Umefika?" Sauti ya mwanamke iliita kutoka kileleni.

Brashi aliijua. Ilikuwa ya dada yake Kinyonga, wifi yake mtarajiwa.

"Wifi, amefika!" alijibu kwa ukali. "Na mimi nipo!"

"Nieleze," Brashi alimwambia Kinyonga.

"Macho yanaondoka," Kinyonga alisema. "Katikati kuna doa jeusi, na linakua. Nikikutazama usoni, uso wako ndio unaopotea. Nikitazama pembeni ndipo nakupata kidogo. Daktari anasema hadi mwisho wa mwaka, labda."

"Na huku mwambani?"

"Tuliahidiana na marehemu tutaupanda huu ukuta mpaka juu. Nataka kuukariri kabla giza halijafunga. Dada ananishikia kamba toka kileleni, nachora, najifunza, nafuta. Naanza na sehemu ngumu ya juu. Mkono wa kulia uko kwenye kamba, nachora kwa kushoto."

"Hukufuta! Siku tisa nafuta mimi!"

"Nilifuta, Brashi. Kila siku, zote, kwa brashi. Uliposema zimebaki, nikajua si zangu. Nikajua ni yeye anashuka nyuma yangu. Jana usiku sikulala."

Hapo ndipo Kinyonga alipoelewa. Alikuwa akipitisha brashi kando ya alama na kuziacha, na hakuwa ameziona.

"Kumbe macho yangu yamefika huku," alisema polepole.

Brashi alimfungua kamba, akamkalisha kwenye jiwe. Hasira yake ilikuwa haijaisha.

"Na harusi? Ulikuwa unasubiri nini?"

"Nilikuwa nasubiri uchoke, uondoke mwenyewe. Sikutaka ujifunge kwa kipofu."

"Kwa hiyo ulinipangia maisha bila kuniuliza."

"Nilikosea."

"Ulinikosea sana. Nimelia kwa sababu ya mwanamke ambaye hayupo. Usinifiche tena kitu, hata kiwe kidogo namna gani. Unanisikia?"

"Nakusikia. Nisamehe."

Alimshika kichwa kwa mikono yake miwili yenye chaki, akakigeuza pembeni kidogo, kisha kidogo tena.

"Hapa unaniona?"

"Hapo nakuona."

"Unanitaka, au hunitaki?"

"Nakutaka mpaka naogopa."

Brashi alitoa simu mfukoni.

"Shangazi, samahani kwa kukuamsha. Harusi ni Jumamosi hii."

"Hii hii? Una mimba wewe?"

"Sina. Nataka mume wangu anione nikiwa bibi harusi."

"Kwani haoni?"

"Bado anaona, shangazi. Ndiyo maana nasema Jumamosi hii."

Shangazi, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alinyamaza. Halafu akakohoa.

"Njoo sasa hivi nikupime lile gauni. Na yeye mlete."