Tundu la Sita

Jino la Anatolia liligonga kitu kigumu katikati ya ndizi na maharage. Alidhani ni jiwe, akajilaumu kwamba hakuchambua maharage vizuri, kisha akakitema kiganjani. Kilikuwa kichwa cha risasi, kimebonyea puani, na kilikuwa cha moto kuliko chakula.

"Baba Vero, hii nayo ni mboga?"

Placidius akakipokea, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Wala hakuuliza kimefikaje chunguni. "Mikwaruzo hii ni ya mtutu wangu," alisema. "Ndiyo ile iliyopotea leo."

Huyo ndiye mume ambaye Anatolia alijaliwa. Alistaafu uaskari wa wanyamapori akabaki na bastola moja yenye leseni, ile ya kizamani yenye matundu sita yanayozunguka, na kila Jumapili baada ya ibada alivuka kilima kwenda kwenye machimbo ya moramu yaliyoachwa kule Ihembe. Hakuwinda, hakulinda duka la mtu. Alilenga karatasi. Aliichora miduara kwa mkaa, duara ndani ya duara, akapiga sita, akarudi nayo kama mwanafunzi aliyefaulu. Matundu matano yalikaribiana hadi kizibo cha soda kikayafunika. La sita halikuwepo kamwe.

"Ni risasi mbovu," alisema kila wiki. Akaagiza Mwanza zenye kichwa kizito, akaagiza nyepesi, akaagiza zilizovikwa shaba. Anatolia akabaki na kahawa isiyochumwa, paa linalovuja na hotuba za baruti.

Sasa alikaa akikumbuka. Kichwa kimoja alikiokota mpakani mwa kibanja chao cha migomba na kahawa akipalilia. Kingine mlangoni mwa jiko. Hiki kimeingia chunguni, na chungu kilikuwa kando ya Vero, binti yao wa miaka saba.

"Hazipotei," alisema. "Zinakaribia."

"Mama Vero, kilima kizima kiko katikati."

"Kiambie hicho kilima, si mimi."

Jumapili iliyofuata alimkataza mumewe, lakini Placidius akaenda. Saa kumi, jua likiwa bado kali, Anatolia alisikia milio mitano kutoka ng'ambo, akangoja wa sita, na badala ya mlio ikaja harufu ya baruti, ikapita sebuleni polepole kama mgeni anayetafuta pa kukaa, ikaingia chumba cha mtoto, naye akaifuata, akamkuta Vero amelala usingizi wa mchana na mto wake unafuka moshi mwembamba kutoka kwenye tundu moja dogo, kidole kimoja tu kutoka sikioni.

Kesho yake walimleta Mzee Nsanzimana, mganga wa Chonyonyo. Alisikiliza yote, hakufungua hata mkoba wake.

"Shikamoo, mzee," Placidius alimwamkia.

"Marahaba. Karatasi zako unazitundika wapi?"

"Kwenye gogo la mgomba," alisema Placidius. "Niliukata kule juu ya machimbo, kwenye kibanja kisicho na mwenyewe."

"Mgomba uliosimama peke yake, umezungushiwa mawe?"

Placidius akaitikia kwa kichwa.

"Lile ni kaburi la Cleophace," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Alikufa bila mtoto. Majirani wakampandia mgomba upande wa kichwani mwa kaburi, wakamwambia, huyu ndiye mwanao, atakuchipulia. Wewe umemkata."

"Mimi nililenga karatasi tu, mzee!"

"Na nyuma ya karatasi alikuwa nani? Umemtoboa mwanawe kila Jumapili. Sasa na yeye anamlenga wa kwako kwa ile risasi yako ya sita, na shabaha yake inanyooka."

Dawa yake ilikuwa fupi. Walichimbua chipukizi la mgomba kibanjani kwao, wakalipanda kaburini, wakamwaga rubisi, pombe ya ndizi, Placidius akapiga magoti akaomba msamaha. Kisha mzee akaagiza bastola irudishwe serikalini pamoja na risasi zote. "Hata moja isibaki," mzee alirudia mara mbili. Placidius akapanda bodaboda hadi kituo cha polisi cha Kayanga, akarudi mikono mitupu na uso kama wa mfiwa.

Jumapili ikafika kimya. Saa kumi ilipita bila harufu. Anatolia alikaribia kutabasamu alipopanda kigoda kutafuta majani ya chai, akagusa kopo lisilo lake, limesukumwa nyuma kabisa ya rafu. Ndani palikuwa na kitambaa kilichopakwa mafuta, na risasi zinazong'aa.

"Baba Vero! Njoo uniambie hizi ni nini!"

Alikuja, akatazama chini. "Mke wangu, hizo ndizo bora kuliko zote. Miaka miwili nimezitafuta. Niliweka sita tu, za ukumbusho. Bila bastola zitafanya nini?"

"Umeambiwa hata moja! Mawe, mama yangu! Mtu mzima, huambiliki?"

"Sita tu."

Anatolia alizimwaga mezani. Alizipanga kwa kidole, akazipanga tena.

"Ziko tano."

"Sita. Nilizihesabu asubuhi."

Mlango wa uani ulifunguka. Vero alisimama pale, maji yakimchuruzika, kipande cha sabuni mkononi.

"Mama, nimesugua sana, halitoki."

Akainua gauni. Kifuani pake palikuwa na miduara ya mkaa, duara ndani ya duara, imechorwa kwa mkono usiotetemeka.

Nyuma yake harufu ya baruti ikaanza kuingia, polepole.